Bwana Tepu na Sare za Damu ya Mzee

Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake hajawahi kusimama mbele ya watu akahutubia. Ni fundi wa nguo, na mtaani kwetu anaitwa Bwana Tepu kwa sababu ile tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Anakwenda nayo sokoni, anakwenda nayo kumjulia hali mgonjwa, na mke wake anaapa kwamba kuna asubuhi aliamka nayo kitandani. Msikitini tu ndiko huiacha kibarazani, juu ya viatu vyake, na wenzake wakiiona hujua kwamba bado yumo ndani.

Mimi nafanya kazi kwake. Natia vifungo, napiga pindo kwa mkono, nafumua palipokosewa, na napiga pasi. Niliishia darasa la saba, lakini namshukuru Mungu, sindano haijawahi kuniuliza cheti. Yeye ni Mwislamu na mimi ni Mkristo, mtu wa kanisani hasa, na chumba chetu ni kidogo kiasi kwamba yeye akiinama kukata, mimi lazima nikunje magoti. Cherehani mbili ziko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani kuna misumari ya kutundikia nguo zilizokwisha, kila moja imefunikwa shuka kuukuu. Mashuka hayo si ya kukinga vumbi peke yake. Ni ili anayeingia asione nguo ya mwenzake.

Maana sifa ya Bwana Tepu, kuliko hata ushonaji wake, ni kufunga mdomo. Fundi wa nguo anajua mengi. Anajua nani amenenepa na nani amekonda kwa mawazo. Anajua nani anashona nguo ya kuposwa wakati mchumba mwenyewe bado hajatamka neno. Bwana Tepu yote hayo huyameza. Siku niliyoanza kazi aliniambia jambo moja tu: "Dada, hapa macho yanaona, mkono unashona. Mdomo kazi yake ni kulowesha uzi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake kazi ya mteja ni amana, na amana ni kitu atakachokuja kuulizwa na Mungu. Ndiyo sababu pande zote wanamwamini. Suti ya mchungaji tunaishona sisi, na kanzu ya shehe ya Ijumaa tunaishona sisi.

Sasa Mungu naye ana ucheshi wake, akampa mtu huyo mke ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Ni mwanamke mkarimu, msafi, mwenye huruma ya kweli, lakini habari ikiingia sikio lake la kulia, kabla haijafika la kushoto imeshafika bombani. Na mtu pekee ambaye Redio hapati habari kutoka kwake ni mumewe. Huja na chakula cha mchana, huweka bakuli mezani, huzungusha macho kwenye yale mashuka, halafu huuliza kwa sauti ya mtu asiyejali ile nyekundu inayochungulia pale ni ya nani. Mumewe hujibu kwamba ni ya mwenyewe. Miaka yote ya ndoa yao jibu ni hilohilo, na Redio huondoka na bakuli tupu akisonya.

Kanisa letu na msikiti vinatazamana, kati yake pana barabara ya vumbi na mfereji. Kulikuwa na wakati vipaza sauti vya pande mbili vilikuwa vikishindana, hata mtu mwenye kichwa kinachouma hakuwa na pa kukipeleka. Ndipo shehe na mchungaji wakakaa, wakapatana juu ya sauti, na walipoona wamepatana kwa hilo wakaona waumini nao wakutanishwe. Tangu hapo tunakutana kwenye ukumbi wa shule, na mkutano wenyewe tunauita Kikao cha Majirani. Utaratibu ni mwepesi. Kila upande unauliza jambo ambalo siku zote ulitaka kuliuliza ukaona haya, upande wa pili unajibu, na hakuna kubishana.

Nakumbuka bibi mmoja wa kanisani kwetu aliuliza kwa nini Waislamu wanatawadha hata kama mtu ametoka kuoga sasa hivi. Shehe akamweleza vizuri kwamba si suala la uchafu wa mwili tu, ni kujiandaa, kama mtu anayebisha hodi na kujiweka sawa kabla ya kuingia. Bibi akatikisa kichwa, akasema basi miaka yote alidhani wanasikia joto. Kijana mmoja wa msikitini naye akauliza kwa nini Wakristo hufumba macho wakiomba. Mchungaji akajibu kwamba ni ili mawazo yatulie, akaongeza kuwa yeye binafsi inamsaidia asione nani anatoroka ibada. Tulicheka wote. Mimi imani yangu haikupungua kwa vikao vile. Nadhani iliongezeka, kwa sababu ukiulizwa na mwenzako kwa nini unaomba hivi na si vile, inabidi urudi nyumbani ukalitafute jibu.

Kitu kilichokuwa bado hakijakaa sawa ni viti. Ukumbini kuna njia katikati, na wa kanisani walikaa kushoto, wa msikitini kulia, kama wakwe wanaoogopana. Halafu kulikuwa na waimbaji. Kila kikao hufunguliwa na kwaya yetu pamoja na kikundi cha kaswida cha msikitini, na hao, Mungu awasamehe, walikuwa wakija kwenye amani kama timu mbili za mpira.

Kwaya inaongozwa na mama mmoja tunayemwita Mkunga. Amestaafu, ila nusu ya mtaa imepita mikononi mwake ikilia. Kaswida inafundishwa na Kinyozi, mwanamume mwenye mkono mwepesi na maneno mengi, ambaye naye aliletwa duniani na huyohuyo Mkunga. Wakikutana njiani ni utani mtupu. Kinyozi humwambia mama ajiandae, safari hii kwaya yake itatafuta pa kujificha. Mkunga humjibu kwamba kofi lake la kwanza duniani alilipata kwake, na la pili bado analo.

Lakini chini ya utani ule palikuwa na kitu. Kikao kilichotangulia, kaswida walitokea na sare zinazometameta, na kwaya yetu ilikuwa imevaa kila mtu alichokiokota kabatini. Mkunga hilo lilimkera hata akaacha kuimba bafuni. Kumbe na Kinyozi alikuwa ameudhika kwa upande wake, kwa sababu pamoja na sare zake zote, makofi ya kwaya yalikuwa marefu zaidi.

Mkunga ndiye aliyetangulia kuja kwetu. Alifika asubuhi, akachungulia nyuma kama mtu anayefuatwa, akafungua furushi juu ya meza ya kukatia. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, kizito lakini laini, chenye mng'ao wa mbali, yaani ukikishika huoni sababu ya kukiachia. Ndiyo kwanza kilikuwa kimefika dukani. Alitaka magauni na vilemba vya akina mama, na mashati ya wanaume. Akamwambia Bwana Tepu kwamba hii ikijulikana kabla ya siku yenyewe, basi wao wawili watakuwa wamefika mwisho. Bwana Tepu akamjibu kwamba haijawahi kujulikana.

Siku chache baadaye akaingia Kinyozi na furushi lake. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nashikiza kola. Alipolifungua, nusura nizimeze. Damu ya mzee. Mng'ao uleule, ukingo uleule, hata harufu ya dukani ilikuwa ileile.

Bwana Tepu alikipapasa kitambaa kile kwa muda mrefu. Akauliza kama dukani hakukuwa na rangi nyingine.

"Zilikuwapo," Kinyozi akasema. "Kwa nini, hiki kina kasoro?"

"Hakina."

"Kitachuja?"

"Hakichuji."

"Kitanywea nikikifua?"

"Hakinywei. Ni kitambaa kizuri."

"Basi mzee wangu, wasiwasi wa nini? Shona. Ila nakuomba, hii ikitoka nje kabla ya kikao nitajua imetokea hapa hapa, maana hata mke wangu sijamwonyesha."

Akaenda zake akipiga mluzi. Sisi wawili tukabaki tunatazamana juu ya meza.

"Dada," Bwana Tepu akasema, "umeona?"

Nikamwambia nimeona.

"Hujaona," akasema, akatupa shuka juu ya furushi.

Nieleze vizuri shida ilivyokuwa. Akimwambia mmoja abadilishe rangi, atakuwa amefichua kazi ya mwingine, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Asiposema, siku ya kikao watatokea wamevaa sare moja, na kila mmoja atasema fundi ameniuza kwa mwenzangu. Na kukataa kazi ya mmoja wao hakukusaidia kitu, kwa sababu mtu mwerevu kama Kinyozi angeuliza kwa nini, na ukimya wenyewe ungemjibu. Jina alilolijenga tangu ujana wake lingevunjika siku moja, mbele ya kanisa zima na msikiti mzima, katika mkutano ulioitishwa watu waaminiane.

Niliomba juu ya jambo lile. Nilimwomba Mungu kitambaa kiishe dukani, ili mmoja wao akikosa cha kuongezea abadilishe mwenyewe. Kesho yake mwenye duka akaletewa gora jingine. Nikaelewa kwamba Mungu hahitaji kufundishwa kazi, nikaomba tu ampe fundi wangu moyo wa kustahimili.

Mwenyewe alijaribu njia moja ya halali. Mkunga alipokuja kupimwa, Bwana Tepu akampendekezea kola nyeupe, akasema itachangamsha uso. Hapo alikuwa hafichui cha mtu, alikuwa anatoa ushauri wa kifundi, na sare mbili zingekuwa na tofauti angalau shingoni. Mkunga akaipenda sana. Bwana Tepu siku ile alishona akivuma wimbo puani. Jioni Kinyozi akapita mbio mbio, hata hakukaa, akaingiza kichwa tu dirishani akasema wamekaa na wenzake wakaona shingoni pawekwe kitu cheupe. Bwana Tepu akasimamisha cherehani. Akauliza kama wamelifikiria vizuri. Kinyozi akasema wamelifikiria mpaka basi. Alipokwenda, fundi wangu alikaa akatazama ukuta, mimi nikajifanya natafuta kifungo chini ya meza kwa sababu kicheko kilikuwa kimenibana, na si vizuri kumcheka mtu aliye katika majaribu.

Ndipo bakuli la mchana likaanza kurudi na chakula. Redio alipoliona, hakuuliza mara mbili. Alikwenda bombani akasema mumewe hali chakula. Kufika saa nane ilikuwa tumbo, kufika alasiri ilikuwa presha, na jua lilipoanza kushuka watu walikuwa wanaulizana kama ndugu wa mbali wamejulishwa. Mimi nilikwenda nyumbani kwao kuangalia, nikakuta shehe na mchungaji wamekutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie, hakuna anayetangulia, mpaka Redio akawashika mikono wote wawili akawaingiza kama watoto.

Bwana Tepu alikuwa amekaa kwenye kochi na tepu yake shingoni, mzima. Aliwaambia hana ugonjwa, ni kazi tu inamwelemea. Wakamwombea, shehe kwanza kisha mchungaji, na sisi wote tukaitikia mara mbili mbili. Walipotaka kunyanyuka, akawauliza jambo. Hakutaja mtu wala nguo.

"Mtu amewekewa amana na watu wawili," alisema. "Anajua kwamba akizitunza zote mbili, atakayelaumiwa ni yeye. Afanye nini?"

Shehe akasema amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyokuja. Mchungaji akasema kwao pia ni hivyo, mtu akishatoa neno lake amelitoa.

"Hata kama jina lake litachafuka?"

"Hata kama," shehe akasema.

"Hata kama," mchungaji akasema.

Nimehudhuria vikao vyote vya majirani, na sijawahi kuwaona wakikubaliana upesi namna ile. Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akauliza ni amana gani hiyo. Shehe na mchungaji hawakujua, na mumewe akachukua kikombe.

Baada ya siku ile alikula. Si kwamba hofu ilimwisha, bali alikuwa ameamua, na mtu aliyeamua husikia njaa. Alishona zile nguo kama anashonea harusi ya binti yake. Mimi nilipiga pindo zote kwa mkono, za kwaya na za kaswida, na kusema kweli nilianza kuzipenda. Akaniambia kwamba kama ni kuaibika, ataaibika kwa mengine, si kwa mshono. Kwaya walichukua mzigo wao kwa mlango wa mbele, kaswida kwa mlango wa uani, kila mzigo umefungwa ndani ya shuka, na kila mmoja alitoka akitabasamu kama mwenye siri.

Siku ya kikao hakutaka kwenda. Redio ndiye aliyemvuta, maana pua yake ilikuwa imeshanusa kwamba kuna jambo. Tulikaa safu ya mwisho karibu na mlango, yeye katikati, mkewe upande mmoja na mimi upande wa pili. Ukumbi ulijaa. Waimbaji walikuwa wamefichwa, kwaya katika darasa la kushoto na kaswida katika darasa la kulia, milango imefungwa. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye huongoza shughuli, akatukaribisha, kisha akasema kwamba safari hii vikundi viingie kwa pamoja, iwe ishara ya umoja. Niliona Bwana Tepu anaizungusha ncha ya tepu kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe.

Milango ikafunguliwa. Kwaya ikatoka kushoto inaimba, kaswida ikatoka kulia inaimba, wakaja wakakutana mbele ya jukwaa. Wimbo ukakatika katikati ya neno, pande zote mbili. Damu ya mzee kushoto, damu ya mzee kulia, na kola nyeupe kila upande. Mkunga alimtazama Kinyozi kuanzia shingoni mpaka miguuni. Kinyozi akajitazama mwenyewe kana kwamba amevishwa usingizini.

Halafu yule bibi wetu wa swali la kutawadha, ambaye macho yake hayaoni mbali, akasema kwa sauti yake yote, "Hee, safari hii wameungana. Wamependeza kweli." Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza mmoja mmoja, kisha ukumbi mzima. Wangefanya nini? Waimbaji wakainamisha vichwa, wakashukuru.

Mlinzi wa shule ndiye aliyekuwa anapanga viti, na alikuwa ameambiwa wenye sare wakae mbele. Aliona sare moja, akawakalisha pamoja, anajaza safu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuuliza mtu anasali wapi. Mama wa sauti ya kwanza akajikuta katikati ya wasichana wawili wa kaswida. Mkunga na Kinyozi wakakalishwa bega kwa bega, macho mbele, kama wanapigwa picha ya pasipoti. Nasi tuliokaa nyuma, kwa kuwa vilemba na mitandio vilikuwa vya kitambaa kimoja, tulikuwa hatujui yupi ni wetu. Kaswida walipoimba, upande wa kanisani ulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mama mmoja mbele yangu alimwonyesha jirani yake kijana mrefu, akisema yule ndiye mwanawe anayempa raha. Mwanawe alikuwa amekaa bado, na yule mrefu ni mtoto wa mwadhini. Waliochelewa nao walipofika, walikaa popote palipokuwa na nafasi, kwa sababu mbele huko hapakuwa tena na kushoto wala kulia pa kufuata.

Kila mtu alifurahi, isipokuwa watatu. Wakati wa mapumziko ya chai, Bwana Tepu alitoka kwenda kwenye bomba nyuma ya ukumbi kutawadha kwa ajili ya alasiri. Nikaona Mkunga ametoka nyuma yake, na Kinyozi nyuma ya Mkunga. Nikanyanyuka. Redio alikuwa ameshanipita.

Tulipofika, walikuwa wamemsimamia, yeye ameinama na mikono imelowa. Mkunga alikuwa akisema kwa sauti ya chini, ile ya wodini, kwamba alimwomba jambo moja tu. Kinyozi akasema yeye hata mkewe alimficha. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyepewa habari. Bwana Tepu akasema hakumwambia mtu.

"Na kola?" Mkunga akauliza. "Kola nayo imejiotea yenyewe?"

Angeweza kusema kwamba kola ya kwaya ilikuwa ushauri wake, na ya kaswida ni wazo la Kinyozi mwenyewe. Hakusema. Hata pale, mbele ya wenyewe, aliona kuwa kusema hivyo ni kutoa habari za mmoja kwa mwingine. Alifungua bomba akaendelea kuosha mikono. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtetee. Redio akaniwahi.

"Niangalieni mimi," alisema. "Mimi nimezaa na mtu huyu. Nampikia, namfulia, namkanda mgongo. Miaka yote hii hajawahi kunipa habari ya kifungo cha mtu. Nimeomba, nimenuna, nimelia na machozi ya kweli. Leo awape nyinyi, mimi nimekosa nini?"

Kinyozi akamwambia shemeji yake kwa adabu kwamba anaelewa uchungu wake, lakini sare ndizo hizi, zinaonekana.

"Subiri. Mama, nikuulize wewe. Ungejua Kinyozi kanunua damu ya mzee, ungeivaa?"

"Nivae sare ya Kinyozi?" Mkunga akasema. "Afadhali nivae gunia."

"Na wewe, ungejua mama kanunua hiyo?"

"Ningebadilisha siku hiyohiyo."

"Basi," Redio akasema. "Aliyeambiwa angebadilisha. Nani kati yenu amebadilisha?"

Maji yalikuwa yanamwagika tu. Nilimwona Mkunga anarudia hesabu ile kichwani, midomo inacheza, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kinyozi alijaribu kukaza uso, akashindwa, akajifuta macho kwa kile kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kola yake nyeupe.

Mkunga alipopata pumzi alimwambia Bwana Tepu, "Nisamehe, kaka yangu. Nimekukosea mbele ya watu wako."

Kinyozi naye akainama. "Nisamehe, mzee wangu."

"Yameisha," Bwana Tepu akasema. "Niachieni nafasi nitawadhe, maji yanapotea."

Tukaondoka. Njiani kurudi ukumbini Mkunga alimwambia Kinyozi kwamba hata hivyo ana jicho zuri la rangi. Kinyozi akasema asante, mama. Mkunga akamwambia asijivune, jicho lenyewe alilifungulia mikononi mwake. Na nilipogeuka nyuma nikamwona Redio amebaki pale bombani, amemshikia mumewe ile tepu ili isilowe, hasemi neno lolote. Hilo nalo niliona ni la kumshukuru Mungu.

Kikao kilichofuata kilipokaribia, Mkunga na Kinyozi walikuja kwetu pamoja. Walikuwa wameafikiana washone sare moja tena, safari hii kwa kukusudia, kwa sababu watu walikuwa wanaiulizia. Kilichobaki ni rangi. Mkunga alitaka samawati. Kinyozi akasema samawati itamfanya aonekane amekufa. Mkunga akasema alimwona siku anazaliwa na hiyo ndiyo rangi aliyokuja nayo. Wakaenda hivyo, sauti zinapanda, watu wanasimama barabarani kusikiliza, mmoja anapiga kura ya kijani kutoka ng'ambo ya mfereji. Bwana Tepu aliwasihi waseme polepole, akafunga dirisha, akaweka shuka juu ya vipande vya mfano walivyoleta, ingawa kila mpita njia alikuwa ameshaviona. Redio alikuwa amekaa kizingitini na bakuli lake la chakula, uso unang'aa, hajauliza swali hata moja.

Wakaishia kwenye rangi ya machungwa. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua, pamoja na aina ya vifungo. Jioni mchungaji alipita akitoka matembezini, akaegemea dirisha letu, akamwambia Bwana Tepu kwamba amesikia itakuwa machungwa. Bwana Tepu akaendelea kukanyaga cherehani, akasema yeye hana habari hizo.